Silvano Amekula Ugali

Bartolomayo hakuwa mtu wa wivu mpaka watu wa chuo kikuu walipomkataa yeye wakamchukua mke wake. Naanza hapo kwa sababu wapo watakaokuambia alizaliwa nao, na hao ni waongo. Miaka yote aliyoishi na Ruthu pale Kikuyu ya Dodoma, mke alikwenda kwaya, alikwenda soko la Majengo, alikwenda kwao Buigiri msimu wa kulima akakaa huko mpaka palizi iishe, na mume yuko zake Makole kwenye karakana anachomelea madirisha ya nyumba za watumishi wa serikali. Hakumuuliza siku hata moja alikuwa na nani. Wivu ulimpata ukubwani, na magonjwa ya utotoni yakimpata mtu mzima yanamtesa kweli.

Ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba nje kuna mgeni, mwalimu wa isimu, anatafuta watu wanaojua Kigogo. Watu wakaulizana isimu ndiyo nini, na aliyejifanya anajua akasema ni kusoma lugha jinsi daktari anavyosoma mwili, yaani si kuisema, ni kuipasua. Mgeni mwenyewe aliitwa Hanifu, mtoto wa Makole, Mwislamu wa zile familia ambazo babu zao walifika na misafara ya biashara wakabaki. Kazaliwa Dodoma, baba yake kazaliwa Dodoma, na Kigogo hajui zaidi ya "mbukwenyi" ya kuamkia wazee. Alisimama uani mwa kanisa kwa adabu, kofia ya kufuma mkononi, akaomba kila anayejitolea aeleze kwa Kigogo jambo lolote analolijua.

Bartolomayo alikuwa wa kwanza. Ni Mgogo wa baba na mama, na anapenda kusema mbele za watu. Akaeleza namna ya kutengeneza geti, tangu kupima mpaka kupaka rangi, Kigogo chake kikitoka na "lakini", na "kwa hiyo", na "yaani", na grinda, na bawaba, na kona za chuma. Hanifu akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Kisha akamgeukia Ruthu, ambaye alikuwa amesogea tu kumwita mumewe wakale.

"Na wewe dada, tuelezee chochote. Hata mboga."

Ruthu akaeleza namna ya kuanika mlenda. Hakuchukua muda. Lakini akina mama wazee waliokwisha kuanza kuondoka wakasimama, na mmoja akamjibu kutoka kule alikokuwa kwamba kwao wao huanika kivulini. Mara wakawa wanabishana kwa Kigogo kutoka upande huu wa uwanja mpaka ule, na Hanifu katikati anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Akamchukua Ruthu.

"Kwani Kigogo changu kina ubaya gani?" Bartolomayo aliuliza.

"Hakuna lugha mbaya, kaka. Sisi hatupimi lugha kwa uzuri," Hanifu alisema. "Ila natafuta mtu ambaye Kigogo kilimtangulia, Kiswahili kikaja baadaye. Chako kimekulia mjini."

Aliyasema kwa heshima, na yalikuwa kweli. Alichosikia Bartolomayo ni kwamba mke wake ni Mgogo kuliko yeye, na aliyetoa hukumu hiyo ni mtu asiyejua Kigogo. Chakula cha mchana siku hiyo kilimshinda.

Basi Ruthu akawa anakwenda chuoni Jumanne na Alhamisi mchana, akimwacha Jenifa, binti yao mdogo, kwa jirani. Huko kulikuwa na chumba kidogo kilichobandikwa sponji za magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie. Hanifu alikaa upande mmoja, msaidizi wake Zuleha akakaa kwenye kompyuta, na Ruthu mbele ya kinasa sauti. Kazi yenyewe ilikuwa kusema. Hanifu anataja neno kwa Kiswahili, Ruthu analitoa kwa Kigogo, anarudia, anarudia tena. Kurudia ndiyo sheria yao, kwa sababu neno likisemwa mara moja huwezi kujua ni lugha iliyosema au ni kikohozi.

Ruthu alilipenda jambo hili mno. Alirudi nyumbani uso unang'aa, akisonga ugali wa uwele huku anasema peke yake, akipandisha sauti na kuishusha.

"Baba Jenifa, kumbe lugha yetu ina wimbo ndani yake. Unapanda hapa, unashuka pale, na ukikosea kupanda umesema kitu kingine. Mimi nimekuwa nikipanda na kushuka maisha yangu yote bila kujua."

"Mm," Bartolomayo alisema.

"Na Mwalimu Hanifu anasema jina na kitu havikufungwa pamoja. Hakuna sababu mbuzi aitwe mbuzi. Watu walikubaliana tu. Wangekubaliana vingine, angeitwa vingine, na angekula majani yale yale."

"Mwalimu Hanifu anasema. Mwalimu Hanifu anasema. Kwani hajasema kama mboga hii imezidi chumvi?"

Ruthu akacheka, akadhani ni utani. Akaendelea kumweleza jambo lililomfurahisha kuliko yote: kwamba kule chumbani sentensi haiulizwi kama ni ya kweli, inaulizwa tu kama inasemeka. Ukisema ng'ombe amepanda ndege kwenda Mwanza, Mgogo yeyote atakuelewa, hata kama atakucheka. Hiyo ni sentensi nzima, haina kilema.

"Ni uongo," Bartolomayo alisema.

"Si uongo wala si kweli. Ni mfano."

Bartolomayo alitafuna taratibu. Alifikiri: wamempa mke wangu chumba chenye magodoro ukutani, wakamwambia humu ndani hakuna uongo. Na kuanzia hapo, kila Jumanne na Alhamisi kazi ilimharibikia. Alichomelea bawaba upande usio wake, dirisha la bwana mmoja wa wizarani likafunguka kuelekea ukutani. Athuman, mwenzake wa karakana, alimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Ningekuwa naumwa ningekwenda hospitali."

Nawaambia jambo moja kuhusu Ruthu, kwa sababu bila hilo yanayokuja hayana maana. Kwao Buigiri, katika ukoo wake, mke hamtaji mumewe kwa jina. Shangazi yake alimfunza hivyo kabla ya harusi, na Ruthu alilishika neno hilo kuliko alivyoshika mengine mengi aliyofunzwa. Kabla Jenifa hajazaliwa alimwita "wewe bwana", au alikohoa tu, na Bartolomayo alikuwa anakijua kikohozi chake hata katikati ya harusi ya watu. Alipozaliwa mtoto akawa Baba Jenifa, mambo yakawa mepesi. Pale mtaani wapo wake wanaowaita waume zao kutoka getini kama wanavyoita kuku, na Bartolomayo alikuwa akiwatazama waume hao kwa huruma. Jina lake kinywani mwa Ruthu halikuwahi kupita, naye aliringia jambo hilo. Wengine walimwita Fundi, au Bato, na huko karakana majina mengine nisiyoweza kuyaandika.

Jumamosi moja mchana Ruthu alikuwa nyuma ya nyumba anamwogesha mtoto. Simu yake ilikuwa juu ya meza, na waya za kusikilizia zimechomekwa, kwa sababu Hanifu alikuwa akimpa alichorekodi akisikilize nyumbani na kumwambia palipokosewa. Bartolomayo alitazama mlangoni. Kisha akaweka waya masikioni, akabonyeza.

Sauti ya mke wake ikamwingia kichwani, karibu kuliko inavyomfikia akiwa amelala naye. Ilikuwa inasema Kigogo. Nayaandika hapa kwa Kiswahili, utamu umepungua lakini maneno ni hayo.

"Silvano amekula ugali."

"Tena," alisema Hanifu.

"Silvano amekula ugali."

"Sasa fanya hajala."

"Silvano hajala ugali."

"Sasa wewe ndiye umempikia."

"Nimempikia Silvano ugali."

"Na kama bado unamngoja?"

"Ninamngoja Silvano."

"Tena. Taratibu, usikie mwisho unavyopanda."

"Ninamngoja Silvano," Ruthu alisema taratibu, na mwisho ukapanda, halafu akacheka. Kile kicheko Bartolomayo alikijua. Alikuwa anadhani ni mali yake.

Hakuvua zile waya. Alisikiliza yote, akitafuta jina lake. Jenifa alikuwemo, amelala, ameamka, amebebwa. Mama mkwe wake alikuwemo, anatwanga. Hata yule mbuzi wao mwenye pembe moja alikuwemo, amepotea na kuonekana. Silvano ndiye aliyejaa kila mahali: amekuja, amekwenda, amechoka, ameoga, amependwa. Bartolomayo, hata mara moja. Asiyekuwepo na lake halipo. Moyo wake ulimuwaka kiasi kwamba alipoiweka simu mezani aliiweka kwa mikono miwili, maana mmoja usingetosha kuizuia isiruke ukutani.

Mtu mwingine angemuuliza mkewe. Bartolomayo hakuuliza, kwa sababu keshaambiwa jibu: ni mfano tu. Alitoka, akapita nyumba za watu bila kuamkia, akaenda moja kwa moja kwa Silvano pekee anayemjua Kikuyu nzima, mwenye mashine ya kusaga.

Silvano alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kope mpaka kandambili, kama kila siku. Akina mama walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Mashine inanguruma.

"Silvano! Juzi ulikula nini?"

"Nini?"

"Ulikula nini?"

"Ugali!"

"Wa nani?"

"Wa nani vipi? Mimi mwenye mashine, nikale ugali wa nani?"

"Nani alikupikia?"

Silvano alizima mashine, kwa sababu alidhani hajasikia vizuri. Ndilo kosa lake pekee katika habari hii. Mashine ilinyamaza, foleni ikanyamaza, na swali lililofuata likasikika mpaka barabarani.

"Nakuuliza, mwanamke anayekungoja ni nani?"

Anitha, mke wa Silvano, alikuwa pembeni anafunga mifuko ya unga. Aliinua uso taratibu.

"Hata mimi nataka kulisikia hilo," alisema.

Silvano aliapa kwa Mungu, akaapa kwa marehemu mama yake, akaapa kwa mashine. Alisema mke wa fundi anamjua kwa debe lake tu, lile la bluu lenye kutu chini, na akikutana naye bila debe hana uhakika kama angemtambua. Foleni ikavunjika kwa kicheko. Anitha peke yake hakucheka, na Bartolomayo pia hakucheka, na kwa muda kidogo wale wawili walitazamana kama ndugu.

Ulimi hauna mfupa. Kabla Bartolomayo hajafika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika. Anitha aliifikisha mwenyewe, amesimama getini, mikono kiunoni, na alipoondoka Ruthu alibaki amekaa kwenye kigoda na taulo la mtoto mapajani.

"Umekwenda kuniuliza mashineni," alimwambia mumewe alipoingia. "Mimi nipo hapa."

"Silvano ni nani?"

"Ni jina."

"Najua ni jina! La nani?"

"La mtu yeyote. Siku ya kwanza Mwalimu aliniambia nitumie majina ya watu wa nyumbani, nisihangaike kufikiri. Nikamtaja Jenifa, nikamtaja mama. Akasema, sasa mwanamume. Nilikuwa nimetoka kusaga, bado nina unga kwenye kanga. Likaja hilo."

"Mwanamume wa nyumba hii ni mimi."

Ruthu alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama vile amemwambia avue nguo uani.

"Wewe nikutaje?"

Pale palitosha. Mtu mwenye akili zake angesikia katika yale maneno mawili kila kitu alichokuwa anakitafuta kwenye simu. Angekaa chini, akaomba chai. Lakini wivu una akili zake wenyewe, tena kali, na Bartolomayo alikuwa amezisikiliza zile habari za chuoni mezani kwake kuliko Ruthu alivyodhani.

"Si ulisema jina na kitu havikufungwa pamoja?" alisema. "Si ulisema watu walikubaliana tu? Basi jina langu ni sauti, kama la mbuzi. Na humo ndani hakuna kweli wala uongo, kuna mifano. Sasa kilichokuzuia kunitaja kwenye mfano ni nini? Niambie. Au Mwalimu Hanifu hajasema?"

Ruthu alilikunja taulo la mtoto, akalikunja tena. Yote yalikuwa maneno yake. Alijua kuna mahali yamepinda, lakini hakuweza kuonyesha ni wapi, na Bartolomayo alipoliona hilo alijisikia ameshinda, mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

"Alhamisi tunakwenda wote," alisema.

Siku zile za katikati, hata Jumanne ambayo Ruthu hakwenda chuoni, waliishi kwa "chukua" na "weka hapo". Ruthu alipika, akatenga, akamwita Baba Jenifa kama kawaida, na kila alipoitwa hivyo mume aliona anaibiwa. Baba Jenifa ni nani? Ni baba wa mtu. Silvano hakuwa baba wa mtu, alikuwa Silvano, ameoga, amependwa, jina lake limehifadhiwa kwenye kompyuta ya serikali ambako miaka mia ijayo watu watakuja kumsikia akingojwa. Bartolomayo alilifikiria hilo mpaka likamnyima hamu ya kula. Alitaka naye awemo.

Alhamisi alivaa shati la kanisani. Zuleha alimpa kiti karibu na mlango, na Hanifu akaja kumsalimia kwa mikono miwili. Bartolomayo hakuzunguka. Alisema shida yake, mbele ya mkewe, mbele ya Zuleha, akamaliza kwa kusema kwamba anataka yale yote yaliyosemwa juu ya Silvano yasemwe juu yake, kwa jina lake, na yarekodiwe.

Hanifu aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kaka Bartolomayo, nisikilize. Siku ya kwanza, nilipomwomba jina la mwanamume akanyamaza, nilidhani hajanielewa. Nikamuuliza tena, mume wako anaitwa nani? Akanitazama tu. Zuleha ndiye aliyenigusa bega akanieleza mwiko huo, maana nyumbani kwao kuna mama wa Buigiri amepanga. Basi nikaacha, na nikaandika kwamba mzungumzaji wetu ana jina asilolisema. Katika siku zote hizi, hicho ndicho kitu kikubwa alichonifundisha. Maneno yote humu nimemwomba na amenipa. Hilo moja tu ndilo amelikataa. Wewe unalazimisha litoke kwa nini?"

"Mke ni wangu."

"Ni wako. Ndiyo maana nakuomba."

Laiti angesema hivyo mtu mwingine yeyote. Lakini kumsikia Hanifu akimweleza yeye mambo ya mkewe, tena kwa upole, tena kwa kuyajua, kulimaliza kila kitu kilichokuwa kinataka kulegea ndani ya Bartolomayo. Alikunja mikono kifuani.

"Baba Jenifa," Ruthu alisema kwa sauti ndogo, "twende nyumbani."

"Hatuendi."

"Nakuomba."

"Kama ni sauti tu, sema."

Hanifu alisema yeye harekodi mtu asichotaka kukisema, na alikuwa ameshanyanyuka kuzima. Ruthu akamzuia kwa mkono. Alisogeza kiti, akaketi vizuri mbele ya kinasa sauti kama alivyozoea, akaweka mikono mapajani.

"Mwalimu, washa," alisema. "Zuleha, nisomee ile orodha."

Zuleha alitazama huku na huku. Hakuna aliyemsaidia. Akaanza kusoma, sauti yake inapotea.

Ruthu alivuta kinasa sauti karibu. Kisha jina likatoka, limevunjika katikati, kwa sauti ambayo Bartolomayo hakuwahi kuisikia kwake, si uani, si kitandani, si siku alipojifungua.

"Bartolomayo amekula ugali."

Mwili wote ulimsisimka Bartolomayo. Nisimdanganye msomaji, alifurahi. Jina lake lilikuwa limetoka mahali palipofungwa tangu harusi yao, na lilitoka na machozi, na lilikuwa lake. Aliegemea kiti. Kwa kitambo kile hapakuwa na Silvano duniani.

"Tena," alisema Zuleha, kwa mazoea tu. Akaziba mdomo. Lakini ndiyo sheria ya chumba kile, na Ruthu hakumngoja aombe radhi.

"Bartolomayo amekula ugali."

Safari hii lilitoka zima. Akaendelea mwenyewe, orodha aliijua kwa kichwa. Bartolomayo hajala ugali. Bartolomayo hajala ugali. Nimempikia Bartolomayo ugali. Amekuja, amekwenda, amechoka, ameoga. Kila sentensi aliirudia, na kila aliporudia kilipungua kitu. Machozi yalikauka mashavuni bila kufutwa. Alipofika kwenye kungoja, sauti ilikuwa imenyooka, inapanda mahali pa kupanda, inashuka mahali pa kushuka, safi, haina kilema. Ilikuwa ndiyo ile ile ya kwenye simu. Ilikuwa ndiyo ile ile aliyomsemea yule mbuzi.

Bartolomayo alikuwa ameacha kuegemea. "Inatosha," alisema.

"Bado," Ruthu alisema. "Bartolomayo amependwa. Bartolomayo amependwa."

Alimaliza mpaka ya mwisho. Akamshukuru Zuleha, akamwambia Hanifu kwamba Jumanne atakuja kama kawaida. Hanifu alikuwa anatazama sakafu. Nje upepo wa Dodoma ulikuwa unavuruga vumbi, wakatembea mpaka barabarani kila mmoja amefumba macho nusu, wala hawakugombana. Njiani Bartolomayo alijaribu kusema jambo kuhusu bei ya vyuma. Ruthu alimjibu vizuri tu.

Jioni alisonga ugali, akatenga na mlenda, akaweka maji ya kunawa. Jenifa alikuwa ameshakaa mkekani, kijiko mkononi. Bartolomayo alikuwa chumbani anavua lile shati la kanisani, anavuta muda, akisubiri kuitwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anakitamani kile kikohozi.

"Bartolomayo," Ruthu aliita, bila kugombeza, bila kupandisha sauti, "njoo ule."

Jenifa aliacha kijiko. Akageuka kuelekea mlango wa nje, kutazama ni mgeni gani ameingia.